Injini zinavuja kwa sababu hatupimi

Simama kwenye kijiwe chochote cha bodaboda, Mbagala au Mwanza, Kisumu au Gulu, uangalie ardhi badala ya pikipiki. Utakuta madoa meusi yamejipanga mstari, kila injini na doa lake. Tumeyazoea kiasi kwamba hayatushtui tena. Ukimuuliza dereva atakwambia, "Inatoa jasho kidogo tu, mzee, nguvu bado ipo." Wala hasemi uongo. Pikipiki inawaka kwa kiki moja, inapanda mlima na abiria wawili, jioni hesabu ya tajiri inapatikana. Lakini jasho hilo linakula fedha nyingi kwenye biashara hii, na chanzo chake kinajirudia kuanzia mkononi mwa fundi mpaka kwenye makubaliano ya dereva na tajiri wake: hatupimi.

Tuanze na chuma chenyewe. Bodaboda nyingi zina injini ya silinda moja inayopozwa na upepo. Zipo Boxer za Bajaj na pikipiki za TVS kutoka India, na zipo za Kichina zenye majina lukuki ambazo nyingi zimenakili Honda CG125. Honda waliitoa injini hiyo mwaka 1976 wakilenga nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo na matengenezo hufanywa kwa kubahatisha. Tundu la silinda yake lina upana wa milimita 56.5, dogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Dereva akivuta mafuta yote, mlipuko wa petroli ndani ya tundu hilo unaweza kuisukuma hedi kwenda juu kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani moja. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, msukumo huo unarudi mara 50 kila sekunde.

Kinachoizuia hedi isiruke ni bolti chache tu, nyingi zikiwa na unene wa milimita 8. Bolti iliyokazwa sawasawa huwa imevutika. Ni kiasi kidogo ambacho jicho haliwezi kuona, lakini imevutika kweli, na hamu yake ya kurudi kwenye urefu wake wa awali ndiyo inayoibana hedi juu ya silinda na kuiminya gasketi katikati. Ikikazwa kidogo, haivutiki vya kutosha na hedi inacheza. Ikikazwa kupita kiasi, chuma kinavutika mpaka kinapoteza uwezo wa kurudi, au meno yanang'oka ndani ya aluminiamu. Kwa hiyo aliyekaza kidogo na aliyekaza mno wote wanaishia pamoja, na bolti isiyobana na oili inayotafuta njia ya kutokea.

Joto nalo lina kazi yake. Aluminiamu hutanuka mara mbili hivi ya chuma cha kawaida kwa joto lilelile. Hedi na silinda vya aluminiamu vikichemka vinataka kukua kuliko bolti zilizovishika, hivyo mbano unaongezeka na gasketi inazidi kuminywa. Injini ikipoa, kila kitu kinarudi, isipokuwa gasketi, ambayo imeshakuwa nyembamba kidogo kuliko ilivyofungwa. Safari hizo za moto na baridi zinapojirudia, bolti ambayo haijaguswa na mtu inakuta kazi yake imepungua. Ndiyo sababu injini iliyofungwa gasketi mpya huangaliwa tena baada ya muda mfupi, na pikipiki mpya huwa na huduma ya kwanza kati ya kilomita 500 na 1,000. Kwa dereva wa mjini anayetembea kilomita 100 kwa siku, huduma hiyo haipiti wiki ya pili. Wangapi wanaifanya? Na katika wanaoifanya, wangapi hupewa kitu zaidi ya kumwagiwa oili ya zamani na kutiwa mpya?

Kabla ya kukaza chochote, lazima ijulikane oili inatoka wapi, na hapa ndipo kutopima kunapoanza kutugharimu. Oili ikivuja haikai mahali ilipotokea. Inateremka kwa uzito wake na kurudishwa nyuma na upepo wa mwendo, kwa hiyo mahali palipolowa zaidi kwa kawaida si mahali palipotoboka. Fundi anaona mafuta kwenye maungio ya hedi na silinda, anashika spana, anakaza bolti za hedi. Huenda kosa liko juu zaidi, kwenye gasketi ya kifuniko cha juu au kwenye mpira wa kifuniko cha tapeti uliokauka na kuwa mgumu kama kucha. Huenda liko kwenye kikaza mnyororo wa taimingi. Huenda pia hakuna kilichotoboka, ila bomba la kupumulia injini limezibwa na tope, hewa iliyobanwa ndani inasukuma oili itoke popote penye udhaifu. Huenda ni oili iliyojazwa kupita alama ya kijiti.

Namna ya kujua haina gharama. Injini ioshwe kwa brashi na mafuta ya taa mpaka mapezi yaonekane, ikaushwe vizuri, kisha ipakwe poda ya mtoto kwenye maungio yote. Dereva azunguke mitaa michache na kurudi. Poda itakuwa imelowa, na sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyolowa ndiyo yenye kesi. Kazi hiyo haichukui hata saa nzima. Fundi asiyeifanya anakisia, na anayelipia kukisia kwake ni mteja.

Sasa tuseme imethibitika kwamba ni hedi. Kwa bolti za milimita 8 kwenye injini hizi, viwanda vingi huagiza mkazo wa nyutoni-mita ishirini na kitu, na kwa zile za milimita 6 huwa kumi hivi. Tarakimu kamili iko kwenye kitabu cha modeli husika. Chukua mfano wa 22. Spana ya urefu wa sentimita 20, ukiivuta mwishoni kwa nguvu inayotosha kuinua kilo 11, inatoa nyutoni-mita 22 hivi. Kilo kumi na moja tu, uzito ambao kijana wa darasa la saba anaubeba bila kulalamika. Sasa kumbuka fundi anayechomeka bomba kwenye mkia wa spana ili "ishike vizuri". Akifikisha sentimita 60, mkono uleule usio na ubaya unatoa 66, mara tatu ya kinachotakiwa. Hapo ndipo meno ya aluminiamu yanapolika, na kazi ambayo ingemalizwa kwa spana inahamia kwa mtu wa kuchonga vyuma.

Hesabu hiyohiyo inatupa njia ya kutokea kwa asiye na spana ya kupima mkazo, toku renchi kwa lugha ya gereji. Ile mizani ya kuning'iniza ambayo wauza samaki hupimia kilo inaweza kufanya kazi hiyo. Ifungwe kwenye mkia wa spana, sentimita 20 kutoka katikati ya bolti, ivutwe kwa pembe mraba mpaka isome kilo 11. Kwa bolti ya milimita 6 inayotaka 10, isome kilo 5. Si kifaa cha maabara, lakini ni bora mara mia kuliko "kaza mpaka igome". Gereji ya chini ya mwembe nayo inaweza kupima, mradi mwenye gereji ameamua kwamba kupima ni sehemu ya kazi.

Kipimo nacho hudanganywa. Sehemu kubwa ya nguvu unayoitia kwenye spana huishia kwenye msuguano wa meno na wa chini ya kichwa cha bolti. Inayobaki kuvuta bolti ni kidogo, pengine sehemu moja ya kumi. Meno yakiwa na kutu au mchanga, spana itasema imefika wakati bolti haijavutika. Tundu lisilotokea upande wa pili likiwa na oili ndani, bolti inaibana ile oili badala ya kuibana hedi, na wakati mwingine aluminiamu inapasuka. Kwa hiyo meno husafishwa na matundu hukaushwa kabla ya kufunga. Injini iwe baridi kabisa, si ile iliyotoka kuleta abiria. Kwenye injini ambazo vali zake husukumwa kwa fimbo, kama zile za ukoo wa CG, nafasi ya tapeti ipimwe upya baada ya kukaza, maana hedi ikishuka hata kidogo nafasi ile inapungua.

Kisha kuna mpangilio. Wahenga walisema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hedi inayokazwa upande mmoja kwanza inaonyesha maana ya methali hiyo kwa macho. Ngozi inayovutwa upande mmoja inakunjamana upande wa pili, na hedi inayobanwa kona moja inainuka kona nyingine na kupinda. Bolti zinakazwa kwa mshazari, hii kisha inayotazamana nayo, na kwa awamu: theluthi ya kwanza zote, theluthi ya pili zote, kisha kipimo kamili. Kufungua nako kunafuata utaratibu huo kinyumenyume. Hedi iliyokwisha kupinda haiponi kwa kukazwa zaidi. Inatakiwa iwekewe rula ya chuma na kupenyezewa fila geji. Mwanya ukizidi sehemu ndogo ya milimita ambayo kitabu kinaruhusu, isawazishwe.

Mambo mawili madogo yanaharibu kazi iliyofanywa vizuri kwingineko. La kwanza ni nati na washa. Katika injini nyingi ndogo oili hupanda kwenda juu kwa kupitia tundu la mojawapo ya bolti ndefu. Hapo kiwanda kiliweka nati yenye kofia iliyozibwa na washa ya shaba, ili oili isipande kwenye meno na kutoka nje. Injini ikifunguliwa na nati zikatupwa zote kwenye kopo moja, zinarudi kokote. Nati ya kawaida inakaa mahali pa nati yenye kofia, na mvujo unazaliwa gereji siku hiyohiyo. La pili ni bolti yenyewe. Bolti ya injini ina tarakimu kichwani, 8.8 au zaidi, inayoeleza uimara wa chuma chake. Ile ya duka la vifaa vya ujenzi isiyo na alama inaingia vizuri, inakazika vizuri, na inaendelea kuvutika taratibu kila injini inapochemka.

Na silikoni? Silikoni imekuwa dawa ya kila kidonda. Kuna maungio inayofaa, na hapo hupakwa nyembamba. Ikimwagwa kama siagi, inayobanwa kuelekea nje inaonekana na kumridhisha mteja. Inayobanwa kuelekea ndani inakatika vipande, inasafiri na oili na kwenda kuziba kijitundu kinacholainisha kemshafti au roka. Mvujo umekwisha, injini inakufa kwa kiu. Kwenye gasketi ya hedi ndiyo kabisa haina kazi, kwa sababu haiwezi kukabili moto wa pale.

Msomaji anaweza kuuliza kama matone machache yanastahili maneno yote haya. Injini hizi hubeba oili ya lita moja hivi. Lita hiyo moja inalainisha pistoni, vali, klachi na gia zote kwa pamoja, na inasaidia kupoza. Basi lenye ndoo nzima ya oili linaweza kupoteza nusu lita bila kushtuka. Pikipiki ikipoteza nusu lita imepoteza nusu ya uhai wake. Tena mvujo unajilisha wenyewe. Oili iliyotapakaa inanasa vumbi, vumbi linakuwa gamba kati ya mapezi, upepo haufiki kwenye chuma, joto linapanda, gasketi na mipira inakauka zaidi, mvujo unaongezeka. Injini zinazofunguliwa kwa ringi na pistoni huku zikiwa bado changa nyingi zilianza na doa ambalo kila mtu aliliona.

Hapa ndipo bolti inapogeuka kuwa suala la watu. Nani hasa ana wajibu wa kuitazama? Kwa desturi ya vijiwe vingi, dereva analeta hesabu kila jioni, ananunua petroli na oili na kuziba pancha. Injini ikifa, hilo ni la tajiri. Uangalie mgawanyo huo kwa makini. Matengenezo madogo yanatoka mfukoni mwa dereva na makubwa mfukoni mwa tajiri, kwa hiyo dereva hana sababu ya kulipia dogo wakati akilisubiri litakuwa la mwenzake. Tajiri naye haioni pikipiki mchana. Anachokiona ni fedha, na fedha zikija kamili anaamini chombo ni kizima. Kwenye pikipiki za mkataba, ambazo dereva hulipia mpaka ziwe zake, mzigo wote uko kwa dereva, lakini rejesho halisubiri, na saa tatu za kuacha injini ipoe ili ipimwe ni saa tatu bila abiria. Fundi yeye analipwa kwa kufungua. Akikagua bolti akazikuta salama, atamdai mteja nini? Watu hawajazoea kulipia taarifa njema.

Kila mmoja anaivutia ngozi kwake, na hakuna anayekosea kwa hesabu yake binafsi. Ndiyo maana siamini mahubiri ya "madereva wawe waangalifu" au "mafundi waache ubabaishaji". Waangalifu wapo, na mafundi hodari wapo wengi. Tumewaweka ndani ya mpango unaopima kitu kimoja, fedha ya jioni, na kuacha mengine yote yakisiwe.

Najua fundi mzoefu atakayesoma hapa atacheka. Atasema mkono wake umefunga injini tangu wengine hatujajua kuwasha pikipiki, na mkono huo unajua. Ninamheshimu na ninakubali kwamba mkono uliozoea spana ileile kwa miaka huwa na kipimo chake. Ila kipimo hicho hakiwezi kurithishwa. Saidia fundi aliye pembeni yake anaona mkono ukivuta, haoni umevuta kiasi gani, na mpaka aupate kwa kubahatisha atakuwa ameng'oa meno ya pikipiki za watu. Tarakimu inafundishika kwa siku moja. Atakuwapo pia wa kusema pikipiki za umeme zinakuja, zishaanza kubeba abiria Kigali na Nairobi, nazo hazina hedi wala oili ya injini. Ni kweli. Zina bolti za mota, za ekseli, za vishikio vya betri, na kila moja ina mkazo wake. Tukiingia huko na tabia ya "kaza mpaka igome", tutakuwa tumebadili doa tu.

Cha kufanya kinajulikana na hakihitaji kamati. Waagizaji wa pikipiki waambatishe karatasi moja ya Kiswahili kwa kila modeli: mkazo wa bolti za hedi, nafasi ya tapeti, kiasi cha oili, mpangilio wa kukaza. Tarakimu hizo wanazo tayari kwenye vitabu vya kiwanda. Kazi ni kuzichapa na kuzibandika chini ya kiti. VETA hapa Tanzania imekuwa ikirasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, na Kenya kuna mitihani ya ufundi ya NITA. Fundi pikipiki anayekwenda kupimwa huko aonyeshe kwamba anaweza kukaza hedi kwa kipimo, tena kwa mizani ya samaki kama hana kingine. Vyama vya bodaboda vinachangishana kwa misiba na ajali, na ni jambo jema. Vichangishane pia kwa spana moja ya kupima mkazo kwa kijiwe. Kwa fundi mmoja ni gharama ya kumfanya asite. Kwa madereva ishirini haifiki nauli ya siku.

Lakini la kwanza linaweza kufanywa wiki hii na tajiri mmoja na dereva mmoja, bila kusubiri mtu. Katika makubaliano yao, ya maandishi au ya mdomo, waongeze kifungu hiki: kila baada ya kilomita 2,000 pikipiki inalala asubuhi moja kwa fundi ikiwa baridi, inaoshwa, oili inapimwa, bolti zinakaguliwa kwa kipimo, fundi analipwa kwa ukaguzi hata asipokuta kosa, na hesabu ya siku hiyo inapunguzwa nusu. Tajiri atakayekataa kuipoteza nusu hiyo ajue atadaiwa na fundi wa pistoni, na huyo hapunguzi bei.